Bibi, Padre na Daftari la Ubatizo

Bibi yangu hajui alizaliwa mwaka gani, na katika umri wake wote jambo hilo halijawahi kumkosesha usingizi. Anajua kuwa alizaliwa wakati wa palizi. Anajua mvua za mwaka ule zilichelewa, na mkunga alikuwa nani. Tuliohangaika ni sisi wajukuu, kwa sababu fomu ya kitambulisho cha taifa ina vijumba vinane vya tarehe na kila kijumba kinadai tarakimu yake. Tulibishana kwenye kundi la WhatsApp la ukoo wiki nzima mpaka Mjomba alipoandika mstari mmoja: "Kwani daftari la Padre limeliwa na mchwa?"

Ndivyo nilivyojikuta Masasi mwezi wa saba, nimeshuka kwenye basi la Dar es Salaam na miguu imevimba, nikapanda bodaboda kwenda kijijini. Ulikuwa msimu wa kupuliza mikorosho. Salfa ilikuwa hewani kama ukungu wa njano, na kila mwanamume niliyepishana naye njiani alinuka kiberiti. Parokia yetu sitaitaja jina, maana Padre aliniomba hivyo na Bibi alinionya zaidi. Itoshe kusema ni moja ya parokia za Dayosisi ya Masasi ya Kanisa Anglikana, zile ambazo ukiuliza njia unaambiwa "fuata mikorosho mpaka uone msalaba."

Waliokulia Dodoma au Morogoro wakija kwetu Jumapili hushangaa kidogo. Ni Waanglikana wenzetu, lakini kwao hakuna moshi wa ubani. Kwetu chetezo kinapepea mpaka watoto wa kwaya wanapiga chafya, watu wanaenda maungamo, kengele ya Malaika wa Bwana inapigwa saa sita mchana, na ibada inaitwa Misa bila mtu kuona haya. Sababu ni historia. Dodoma walifikiwa na wamisionari wa CMS (Church Missionary Society), waliopenda mambo makavu, Biblia na mahubiri. Sisi tulifikiwa na UMCA (Universities' Mission to Central Africa), misheni iliyozaliwa vyuo vikuu vya Uingereza baada ya David Livingstone kuhutubia Cambridge mwezi Desemba 1857, na watu wake walikuwa wa mrengo wa altare na mishumaa. Wazee wetu mpaka leo hawasemi "mimi ni Mwanglikana." Wanasema "mimi ni wa UMCA," ingawa chama chenyewe kiliunganishwa na kingine mwaka 1965 na jina likafutika kwenye barua rasmi.

Marekani, watu wa ukoo huuhuu wa kanisa wala hawajiiti Waanglikana. Walipokwisha kujitenga na mfalme wa Uingereza walihitaji askofu, lakini maaskofu wa England hawakuweza kumweka wakfu mtu asiyekula kiapo cha utii kwa mfalme. Kasisi wao Samuel Seabury akaenda Scotland, akawekwa wakfu Aberdeen mwezi Novemba 1784, na kanisa lao likajulikana kwa jina la Episcopal, yaani la maaskofu. Nililipenda jambo hili nilipoligundua, kwa sababu neno la Kigiriki episkopos, mwangalizi, ndilo lililopita kwa Waarabu likawa usquf, likavuka bahari likawa askofu. Kwa hiyo Mmarekani wa kijijini anayesema yeye ni Episcopal na bibi yangu anayesema "kanisa la askofu" wanatamka neno moja. Tofauti ni njia lililosafiria.

Nirudi kwenye daftari. Padre wetu ni kijana, pengine ananizidi miaka mitatu, lakini nilimwamkia "Shikamoo Baba" kwa sababu Bibi alikuwa amesimama nyuma yangu. Akatupeleka sakristia, akafungua kabati la chuma linalofungwa kwa ufunguo mmoja na teke moja. Madaftari yalikuwa yamepangwa kwa urefu. La zamani kabisa kati ya yaliyopo linaanzia baada ya Maji Maji. Niliuliza ya kabla ya hapo yako wapi.

"Hapa palikuwa hapana kanisa," alisema. "Na Masasi kwenyewe waliungua."

Hapo inabidi nieleze Masasi yenyewe ilivyoanza. Wengi wa rika langu tulifundishwa kwa sentensi moja tu, kwamba Askofu Edward Steere alianzisha misheni ya Masasi mwaka 1876. Ni kweli, lakini ukiitazama sentensi hiyo vizuri utaona watu wamefichwa ndani yake.

Steere hakwenda Masasi peke yake. Alishuka Lindi akitokea Zanzibar na zaidi ya watu 50, wanaume kwa wanawake, waliokuwa wameokolewa kutoka kwenye majahazi ya watumwa na kulelewa kwenye mashamba ya misheni huko Mbweni. Soko la watumwa la Mkunazini lilikuwa limefungwa miaka mitatu tu kabla, Juni 1873, na pale lilipokuwa ndipo Steere alipokuwa akijenga kanisa kuu. Wengi wa watu hao asili yao ilikuwa huku bara la kusini na kandokando ya Ziwa Nyasa. Walikuwa wameshushwa pwani kwa njia hiihii wakiwa watoto, wamefungwa, na sasa walikuwa wanaipanda wakiwa watu wazima wenye majembe yao.

Shabaha ilikuwa mbali zaidi. Mwaka uliotangulia Steere alikuwa ametembea mpaka Mwembe kwa Mataka, mtawala mkubwa wa Wayao, na mpango wa misheni ulikuwa kuelekea huko na ziwani. Lakini msafara ulipofika Masasi, kwenye ile milima ya mawe inayochomoza ghafla katikati ya tambarare kama migongo ya tembo waliolala, watu waliona udongo, waliona maji, wakasimama. Kijiji kikaanzia hapo chini ya mawe. Steere akarudi Zanzibar, akamwacha William Percival Johnson, kijana aliyetoka Oxford, ambaye baadaye aliendelea mpaka Nyasa na kuishi huko hadi kufa kwake mwaka 1928.

Nimewahi kukaa Mtandi, chini ya mlima, karibu na kanisa kuu la Maria Mtakatifu na Bartholomayo, nikajaribu kuwaza ile siku. Vitabu vinatuambia askofu aliandika nini. Havituambii nani alikuwa wa kwanza kutua mzigo. Ninavyoamini mimi, mwanzilishi wa dayosisi yetu ni huyo, mtu aliyechoka kuhamishwa, aliyetua jembe chini na kusema basi.

Hawakukaa kwa amani muda mrefu. Septemba 1882 Wangoni, ambao watu wa huku waliwaita Magwangwara, walivamia Masasi, wakachoma nyumba na kuchukua mateka. Fikiria mtu aliyetekwa utotoni, akaokolewa baharini, akatembea siku nyingi kurudi bara, kisha akatekwa tena mlangoni kwake. Baada ya hapo wengi walihamia juu kwenye uwanda wa Makonde, upande wa Newala, karibu na Matola, jumbe wa Kiyao aliyewapokea. Ndiyo maana hata leo Newala na Masasi zinabishana ni nani mkubwa kwa mambo ya kanisa, na mimi sitatia mguu wangu humo.

Jina ambalo kila mtoto wa dayosisi hii angepaswa kulijua ni la Cecil Majaliwa. Alikuwa Myao, alichukuliwa utumwani akiwa mdogo, akasomeshwa na misheni Zanzibar na kisha Canterbury, na mwaka 1890 akawa Mwafrika wa kwanza wa UMCA kupewa ukasisi. Alikuwa ameshapelekwa Chitangali, kwa jumbe Nakaam, akafanya kazi kwa miaka bila Mzungu wa kumsimamia, akihubiri kwa lugha ya mama yake ambayo ilibidi aizoee upya. Nakaam akabatizwa, akaitwa Barnaba. Nilisoma habari zake nikiwa na miaka thelathini na kitu, kwa bahati tu, wakati majina ya Wazungu wote wa misheni niliyajua tangu kipaimara. Hilo bado linaniudhi.

Agosti 1905 vita ya Maji Maji ilifika Masasi. Wamisionari walikimbilia Lindi na misheni ikateketezwa. Ikajengwa tena. Mwaka 1914 vita nyingine ikaanza, Wajerumani wakawafunga wamisionari wa Kiingereza, na baadhi ya walimu Waafrika nao wakatiwa ndani kwa kushukiwa. Makasisi Waafrika ndio walioendesha parokia kwa miaka hiyo: walibatiza, walizika, walifungisha ndoa, huku majeshi yakipita yakila kila kilichoota. Mwezi Novemba 1917 von Lettow-Vorbeck, kamanda wa jeshi la Wajerumani, alivuka Ruvuma akaingia Msumbiji. Kwenye daftari letu kurasa za miaka ile zina mwandiko mmoja tu, mwembamba, ulionyooka. Wino unabadilika rangi njiani, unakuwa wa kahawia kama maji ya magome. Mwandiko haubadiliki.

Bibi hakupendezwa na haya. Alikuwa amekaa kwenye benchi, anapiga miayo. Ila nilipofika kwenye habari ya jando alikaa sawa.

Askofu wa kwanza wa dayosisi ilipoanzishwa mwaka 1926 alikuwa Vincent Lucas, na yeye ndiye anayekumbukwa kwa jando la Kikristo. Wamisionari wengi wa wakati ule walitaka jando na unyago vife. Kusini hilo lilikuwa sawa na kusema watoto wasikue. Mvulana asiyepita jandoni hakuoa, hakuzika, hakusikilizwa. Wazazi Wakristo walikuwa wanapeleka watoto usiku kwa ngariba, kisha asubuhi wanakuja kuungama. Lucas, akisukumwa kwa kiasi kikubwa na makasisi na walimu wenyeji waliojua wanachokiongelea, akakubali jando liingie ndani ya kanisa. Kambi ikawekwa porini kama zamani, wavulana wakatahiriwa na kufundwa kama zamani, lakini padre alikuwepo, sala zilikuwepo, na siku ya kutoka waliandamana kwenda kanisani wakiwa na nguo mpya. Ndugu wa kiume wa Bibi walipita huko. Mmoja wao aliniambia, kabla hajafa, kwamba alichokumbuka zaidi ni njaa na nyimbo. Mafundisho ya padre? "Yalikuwepo," alisema, akacheka.

Unyago ulikuwa kesi nyingine. Nilimwuliza Bibi kama kanisa lilifanikiwa kuubadilisha nao vilevile. Akamtazama Padre, akanitazama mimi, akasema, "Mambo ya wanawake hayaandikwi kwenye daftari." Padre akajifanya anatafuta miwani.

Basi tukafungua mwaka tuliokuwa tunaukisia. Daftari lina safu: jina la ubatizo, jina la nyumbani, baba, mama, wadhamini, kijiji, umri, aliyebatiza. Ukishusha kidole unakutana na kina Hilda, Cuthbert, Oswald, watakatifu wa baridi kali za Uingereza waliopewa kazi ya kuwalinda Wamakua na Wayao kwenye jua la Masasi. Safu ya baba imetangulia ya mama. Hilo nalo lina kichekesho chake, kwa sababu Wamakua, Wayao na Wamakonde ukoo tunaufuata kwa mama, na mwenye kauli juu ya mtoto ni mjomba. Makarani wengine wa zamani waliona tatizo wakajaza pembeni, kwa maandishi madogo, jina la mjomba. Hakuna safu yake. Wameliandika tu, maana bila hilo mtoto asingejulikana ni wa nani.

Nikiwa nimeinama juu ya karatasi nilisikia pikipiki ya Padre ikijaribiwa nje na kijana wa sakristia. Hiyo pikipiki ndiyo dayosisi. Parokia yetu ina mitaa saba, makanisa madogo yaliyotawanyika, mengine ya matofali ya kuchoma, moja bado la miti na udongo. Padre ni mmoja. Kila mtaa unapata Misa mara moja kwa mwezi, mvua ikinyesha sana mara moja kwa miezi miwili. Jumapili nyingine zote zinaendeshwa na mwalimu wa dini, katekista, ambaye ni mkulima kama wengine, anayelipwa kidogo kiasi kwamba sitakitaja kwa heshima yake. Yeye ndiye anayeitwa usiku mtu akizidiwa. Yeye ndiye anayewafundisha wakatekumeni, anayesuluhisha ndoa, anayejua nani hajaonekana Jumapili tatu. Askofu akija anakaa kiti cha mbele. Akiondoka, mwalimu anakirudisha kiti nyumbani kwa aliyekiazimisha.

Mwaka wa kanisa kwenye kalenda unaanza Majilio. Kwetu unaanza mnada wa kwanza wa korosho. Kuanzia Oktoba, korosho zikishaingia ghalani kwenye chama cha msingi, watu wanapata fedha, na kila kilichosubiri kinafunguka kwa pamoja: harusi, bati za kanisa, ahadi za ujenzi, deni la kitambaa cha altare. Mwezi Februari ukipitisha kapu la sadaka linarudi na mihogo. Na mihogo haikataliwi. Baada ya Misa tunatoka nje chini ya mwembe na mzee wa kanisa anageuka dalali. Kuku mmoja niliona akinunuliwa mara tatu Jumapili hiyohiyo: aliyemnunua kwanza akamtoa tena sadaka, wa pili naye vilevile, mpaka Umoja wa Mama wakamchukua na kusema sasa inatosha, huyu kuku ametumika kuliko shemasi. Mbaazi zilikwenda kwa bei nzuri. Malenge hayakupata mtu, akapewa Padre.

Watu wengine walionunua pale hawakuwa Wakristo. Kijiji chetu nusu ni Waislamu, na si nusu iliyokaa upande wake. Imepita katikati ya nyumba. Kaka mkubwa wa Bibi, tumbo moja, alikuwa Mwislamu. Misiba yetu kaburi linachimbwa na vijana wa dini zote mbili, na ikifika Maulidi kuni zinatoka pia kwenye nyumba zenye msalaba ukutani. Sijawahi kusikia mtu akilihutubia jambo hili. Lipo tu, kama njia ya kwenda kisimani.

Kulikuwa na wakati ambapo kanisa lilikuwa kila kitu huku: shule, zahanati, karani, posta. Leader Stirling, daktari wa Kiingereza aliyefika 1935, alipasua wagonjwa Lulindi kwenye majengo ya udongo na nyasi miaka mingi kabla hajawa waziri wa afya wa Tanzania mwaka 1975. Shule ya Chidya ilitoka mikononi mwa misheni. Sheria ya elimu ya 1969 ilipozitwaa shule, parokia zikabaki na makanisa, makaburi na kengele. Wazee wengine bado wananung'unika, lakini mama yangu, aliyesoma na mabinti wa Kiislamu darasa moja bila mtu kuwauliza dini, hanung'uniki hata kidogo.

Askofu wakati nchi inapata uhuru alikuwa Trevor Huddleston, ambaye alikuwa amefukuzana na makaburu Johannesburg, na ambaye huko ndiye aliyempatia kijana Hugh Masekela, mwanamuziki maarufu wa baadaye, tarumbeta yake ya kwanza. Alifika Masasi 1960, akaondoka 1968 ili Mwafrika ashike nafasi. Bibi anamkumbuka kwa jambo moja: alikuwa mrefu, na ile Land Rover ilikuwa fupi.

Tulimpata Bibi kwenye ukurasa wa kulia, mstari wa nne kutoka chini. Mkesha wa Pasaka. Mwaka wenyewe siandiki hapa, nimekatazwa. Jina la ubatizo, sawa. Jina la nyumbani, sawa, ingawa herufi moja imekosewa kwa namna inayolifanya limaanishe aina ya samaki. Mama, sawa. Pembeni, jina la mjomba. Na kwenye safu ya umri padre wa wakati ule alikuwa ameandika tarakimu 4, na mbele yake alama ya kuuliza.

"Minne?" Bibi alisimama. "Nani kasema minne? Nilitembea mwenyewe mpaka kwenye kisima cha ubatizo. Meno ya mbele yalikuwa yameng'oka, nikacheka, Mzungu naye akacheka. Nilikuwa na saba."

"Bibi, daftari linasema minne," Padre alisema kwa upole.

"Daftari limeuliza, Baba. Si unaona hiyo alama? Limeuliza, na mimi leo nimejibu."

Padre alikaa kimya kidogo, kisha akavuta karatasi yenye nembo ya parokia na kuanza kuandika barua. Alitoa saba kutoka kwenye mwaka wa ubatizo. Kwa tarehe na mwezi alimwuliza Bibi palizi ya mwaka ule ilianza lini, na wakakubaliana mwezi wa kwanza, tarehe kumi na tano, kwa sababu ni katikati. Akagonga muhuri mara mbili, wa kwanza haukutoka vizuri. Nikauliza gharama, akasema hakuna, ila Jumapili kuna mnada na malenge bado yapo.

Alipokuwa anafunga kabati, kwa ufunguo na kwa teke, akanigeukia.

"Na wewe, ndugu yangu, huko Dar unasali kanisa gani?"

Nikafungua mdomo. Bibi akanitangulia.

"Huyu? Huyu anasalia kwenye simu."